Duka la nyimbo lililonikana Milano

Nyota mbili kati ya tano. Ningeandika usiku ule ule, hina imenijaa vidoleni, ningetoa moja.

Mimi ni mpakaji hina, naishi Barani, Malindi. Kazi yangu haiendi bila nyimbo. Bi harusi anakaa saa tatu, nne, mikono na miguu kainyoosha, hawezi hata kujikuna pua. Asipopata chakacha ya kumchangamsha ataanza: mgongo unauma, kiu, nataka kwenda msalani. Ndiyo maana miaka miwili hii nina akaunti kwenye duka la nyimbo la mtandaoni ambalo jina lake silitaji. Nanunua kabisa, nyimbo ziwe zangu, maana za bure zina ubaya wake: bi harusi anakaribia kulia kwa utamu wa beti, mara linaingia tangazo la mkopo.

Nikiwa Malindi, duka hili halina neno. Wimbo mmoja dola 0.99, faili linashuka mara moja, na sauti ni safi hata kwenye spika yangu ndogo. Kabla ya safari niliweka dola 10 nikanunua nyimbo 10. Zikabaki senti 10. Zikumbukeni hizo.

Dadangu kaolewa Milano. Malindi kuna mtaa gani usio na shemeji Mwitaliano? Agosti akamwoza binti yake, nikapelekwa na piko yangu na koni zangu. Jioni ya hina tuko wanawake kumi na moja ghorofa ya nne, madirisha yamefungwa kwa ajili ya majirani, joto la kufa mtu. Niko mkono wa pili, dadangu ananiinamia sikioni: "Na zile za mama je?"

Mama yetu alikuwa mtu wa kaseti. Za mwimbaji wa taarabu Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu, na wengineo, zikitoka duka la kaseti la Mbwana Radio, Mombasa. Kaseti zenyewe ziliisha zamani, utepe ukaliwa na redio. Lakini wiki moja kabla ya safari nilikuwa nimeona dukani mkusanyiko wa taarabu za zamani, nyimbo 12 kwa dola 8.99, nikaonja vipande, nikasema nitanunua baadaye. Basi nikamwambia, subiri dakika mbili.

Nikafungua. Picha ipo, majina ya nyimbo yapo, vipande vya kuonja vinalia. Kitufe cha bei ndicho kimekuwa cha kijivu, na chini yake: haipatikani katika eneo ulilopo. Nikajaribu wimbo mwingine, kijivu. Mwingine, kijivu. Duka zima limekuwa kama hina iliyopakwa ikaoshwa baada ya dakika tano.

Shemeji akasimama mlangoni (ndani haruhusiwi) akanishauri nihamishe akaunti iwe ya Italia. Nikaingia kwenye mipangilio. Kwanza wanataka kadi ya benki ya Italia na anwani ya huko. Anayo, akakubali kuitoa. Kisha: huwezi kubadili nchi mpaka salio lako liwe sifuri. Senti 10! Hakuna wimbo wa senti 10 duniani, na hata ungekuwepo, vitufe vyote ni vya kijivu. Nimefungwa Kenya na senti 10, na Kenya yenyewe siimo.

Huduma kwa wateja nikawaandikia. Walijibu siku ya tatu, harusi imekwisha na biriani imekwisha: "Tafadhali nunua utakaporudi katika nchi yako." Adabu tele, msaada hakuna.

Nimeelezwa sababu, nami nataka kuwa mwadilifu. Wimbo una wenyewe wengi: mwenye utungo ana haki yake, mwenye rekodi ana yake, na haki hizo huuzwa nchi kwa nchi. Aliyepewa ruhusa ya kuuza Kenya si lazima awe nayo Italia. Duka likivuka mpaka linaweza kushtakiwa, kwa hiyo linaangalia anwani ya intaneti uliyo nayo na nchi ya kadi yako, viwili hivyo visipolingana linafunga mlango. Sawa. Lakini shemeji huyo huyo akienda Hispania, nyimbo na filamu anazolipia kila mwezi zinamfuata, kwa sababu Umoja wa Ulaya umeweka sheria tangu Aprili 2018 kwamba mkazi wake akisafiri kwa muda ndani ya Umoja, huduma aliyoilipia isimkatikie. Kumbe inawezekana wakitaka. Na kaseti ya mama ilikwenda Jeddah ndani ya sanduku ikarudi, hakuna aliyeiuliza imetoka eneo gani.

Basi usiku ule ule wa hina, mwisho nilimpigia mwanangu Malindi. Kwetu saa nne usiku, kwake saa tano, kalala. "Mama, neno la siri ni lipi?" Nikalisoma kwa sauti mbele ya wanawake kumi na moja, sasa itabidi nilibadilishe. Akaingia kwenye akaunti yangu, akanunua kwa kadi yake, akanitumia WhatsApp kama dokumenti, moja moja. Ya nne ndiyo ilikuwa ya mama. Dadangu aliimba beti zote bila kukosea, na bi harusi, aliyezaliwa huko na Kiswahili chake cha kuombea maji, akaniuliza, "Mamdogo, huyu anamlilia nani?"

Asubuhi nakuta barua pepe: akaunti imefungwa kwa usalama wangu, kuna mtu Malindi ameingia. Hao hao ndio waliokuja kuniambia ninunue nchini kwangu.

Wameifungua nilipofika nyumbani. Nikatazama salio: kumbe duka lilichukua zile senti 10 kwanza, kisha ndipo likamkata mwanangu dola 8.89 zilizosalia. Sifuri kamili. Sasa naruhusiwa kuhamia Italia, na mimi nipo Barani natwanga hina.