Tathmini: hesabu mbili za marejeo katika mm_struct ya Linux

Katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, kumbukumbu yote ya mchakato (programu inayokimbia) huelezwa na muundo mmoja uitwao mm_struct, ambao nyuzi zote za mchakato huo, yaani mikondo yake ya utekelezaji, huutumia kwa pamoja. Kwa kuwa watumiaji ni wengi na kila mmoja huondoka kwa wakati wake, lazima pawepo njia ya kujua ni nani wa mwisho, ili muundo usibomolewe mapema wala usibaki bila mwenyewe. Linux hutumia hesabu mbili za marejeo, yaani za wanaoushika muundo, kwa kazi hiyo: mm_users na mm_count. Kwa maoni yangu, kuzitenganisha ni miongoni mwa maamuzi bora zaidi ya kerneli hiyo, ingawa mwandishi wa viendeshi (programu za kerneli zinazoendesha vifaa) amekabidhiwa chombo hiki kikiwa na kinga chache mno.

Hesabu ya mm_users ni ya wale wanaohitaji yaliyomo, yaani kurasa (vipande) za kumbukumbu ya mchakato. Uzi mpya ukiundwa kwa bendera ya CLONE_VM, inayoagiza kumbukumbu itumiwe kwa pamoja, hesabu huongezeka kwa moja, na uzi unapokufa, kitendakazi cha mmput huipunguza. Ikifika sifuri, kurasa za mtumiaji huachiliwa pamoja na majedwali ya kurasa (yanayotafsiri anwani za kumbukumbu) ya ngazi za chini, lakini muundo wenyewe haufi hapo. Watumiaji wote wa mm_users, wawe wawili au elfu moja, huhesabiwa kuwa rejeo moja tu ndani ya mm_count, na ni hii ya pili inapofika sifuri ndipo mmdrop huachilia jedwali la ngazi ya juu na muundo mzima.

Thamani ya mpango huu huonekana kwenye nyuzi za kerneli, zinazofanya kazi za kerneli yenyewe. Hizo hazina kumbukumbu ya mtumiaji, kwa hiyo prosesa inapohamia kwenye uzi wa aina hiyo, kerneli huazima mm_struct ya mchakato uliotangulia, ili isipoteze bure tafsiri za anwani ambazo prosesa imekwisha kuzihifadhi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliueleza mpango huo katika barua ya mwaka 1999 ambayo mpaka leo imo katika nyaraka za kerneli. Mwazimaji hana haja na kurasa za mtumiaji. Anachohitaji ni jedwali la juu lisitoweke wakati prosesa ingali inalielekea. Kungekuwa na hesabu moja tu, mchakato ungekufa huku kurasa zake zote zikibaki zimeshikiliwa na uzi usiozihitaji kabisa.

Busara hiyohiyo ilitumika mwaka 2012 katika faili za mem zilizo chini ya /proc, ambazo kupitia kwake kumbukumbu ya mchakato husomwa: anayefungua faili hushika mm_count tu, na mm_users hushikwa kwa muda mfupi wakati wa kusoma au kuandika. KVM, sehemu ya kerneli inayoendesha mashine pepe, nayo hushika muundo kwa mmgrab, kitendakazi kinachoongeza mm_count, tangu mashine pepe inapoundwa. Huu ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa kila mwandishi wa kiendeshi: shika mmgrab kwa muda mrefu, kisha uombe mmget_not_zero, inayoongeza mm_users ikiwa tu haijafika sifuri, kila unapotaka kugusa kurasa, na ukubali kukataliwa ikiwa mchakato umekwisha kuondoka.

Upungufu mkubwa ni kwamba aina zote mbili za marejeo hubebwa na kielekezi (anwani ya muundo) cha aina moja. Kikusanyaji cha C, yaani programu inayotafsiri msimbo wa lugha hiyo, hakiwezi kumzuia anayeshika kwa mmgrab akaachilia kwa mmput, na kosa hilo huweza kujificha hadi kumbukumbu iliyoachiliwa itumiwe tena. Tena mmput huweza kulala, yaani kusimama ikingoja, kwa hiyo haifai kuitwa mahali pasiporuhusu kulala. Ndiyo sababu ya kuwepo mmput_async, ambayo huahirisha kazi hiyo.

Jambo jingine linanisumbua zaidi. Kasoro ya kiusalama ya CVE-2016-0728, iliyokuwa katika sehemu ya kerneli inayohifadhi funguo za siri, ilionyesha kwamba hesabu ya biti 32 huweza kuongezwa hadi irudi sifuri, na mshambuliaji akapata mamlaka ya juu kabisa. Mwaka 2017, toleo la 4.11 la kerneli lilileta refcount_t, aina ya hesabu ambayo hugota kwenye kikomo badala ya kuzunguka na hutoa onyo inapotumiwa vibaya. Hata hivyo mm_users na mm_count zimebaki kuwa atomic_t ya kawaida, isiyo na kinga hiyo. Naelewa kwamba mm_count huguswa mara nyingi mno wakati wa kubadilisha nyuzi, kiasi kwamba toleo la 6.4 la mwaka 2023 liliiwezesha powerpc ya biti 64, aina mojawapo ya prosesa, kuacha kuhesabu uazimaji huo, na badala yake kuzipelekea prosesa nyingine ishara ya kukatiza muundo unapobomolewa. Lakini sababu hiyo ya kasi haina uzito uleule kwa mm_users.

Kwa anayeanza kiendeshi kipya leo, ningemshauri atazame kwanza upande wa Rust, lugha ya pili ya kuandikia kerneli, ambako tangu mwaka 2025 kuna aina mbili tofauti, Mm na MmWithUser: ya kwanza hushikilia muundo tu, na ili kuvuka kutoka hiyo hadi ya pili ni lazima mmget_not_zero ifanikiwe. Anayejaribu kugusa kurasa akiwa na ya kwanza pekee hukataliwa na kikusanyaji kabla programu haijaanza kukimbia.