Hatamu ya kamba kwa farasi mbishi: mimi nimeikubali, ila ina mambo yake

Nimeitumia hii hatamu ya kamba, yaani ile ya kumvalisha farasi kichwani ili umwongoze, kama miezi miwili hivi kwa farasi wangu jike ambaye akiona tu kitu kinasogea usoni anarusha kichwa juu na kuondoka zake. Ya naylon niliyokuwa nayo ilikuwa na bizimu za chuma zinalia klingi klingi sikioni, hapo ndo alikuwa anachanganyikiwa kabisa. Hii haina chuma, nyepesi, nawahi kumvua kabla hajapaniki.

Sasa msidhani ukinunua ndo umemaliza kazi, hapana. Siku nne za kwanza sikumvalisha hata kidogo, namsugua nayo shingoni tu, nasimama upande wa bega la kushoto maana mbele ya uso kabisa haoni vizuri, akitulia naiondoa palepale, yaani ile kuondoa ndo zawadi yenyewe. Baadaye akaanza kuingiza pua mwenyewe, nilitamani kulia jamani.

Kasoro: fundo lake linasumbua mwanzoni, na ncha ya kamba lazima ielekee nyuma, isimchome jicho. Halafu kamba nyembamba inabana kuliko mkanda mpana, kwa hiyo mwenye mkono mzito aiache kabisa. Na usimwachie nayo malishoni wala usimfunge nayo ukaondoka, ikinasa haikatiki, anaweza kuvunjika shingo. Kwa hilo tafuta yenye kipande cha ngozi kinachokatika.

Nyota nne kati ya 5.