Ukuta unaovuta maji: hadwea tatu za Kampala, majibu matatu

Swali lilikuwa moja: nifanye nini? Ukuta wa tofali za kuchoma umelowa kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, rangi inabambuka, na chumvi nyeupe inachomoza juu ya plasta kama unga. Picha ile ile ya simu niliionyesha maduka ya vifaa vya ujenzi, mawili ya Nakasero na moja la Ndeeba.

La kwanza: paka rangi ya mafuta mara mbili. La pili: bandua plasta, paka lami nyeusi ndani, kisha piga plasta upya. La tatu: plasta mpya yenye unga wa kuzuia maji, "na uchukue simenti ya 42.5, ssebo (bwana), hiyo ndiyo yenye nguvu." Namba hiyo ni daraja la nguvu ya simenti, huandikwa kwenye mfuko.

Rangi ya mafuta ndiyo ushauri mbaya kuliko yote. Inaziba uso wa ukuta wakati maji bado yanapanda ndani ya tofali, nayo yakikosa pa kutokea yanaisukuma rangi. Mvua za Machi hadi Mei hazitaisha kabla hujaona malengelenge. Lami ni dawa nzuri, ila mahali pake ni msingi, upande wa nje, chini ya udongo. Ukiipaka ndani, plasta haiishiki mpaka uirushie mchanga mkavu ingali inanata, na hilo muuzaji hakulitaja. Bila mchanga huo, plasta itabanduka kipande kizima kama chapati kwenye kikaango.

Duka la tatu lilikaribia ukweli. Lakini kwa plasta 32.5 inatosha, 42.5 iache kwa nguzo na slabu, maana plasta yenye nguvu kupita kiasi hupasuka nyufa nyembamba. Unga nao, pakiti nyingi zinaandika kilo 1 kwa mfuko wa kilo 50. Muuzaji alisema nitie mbili "kwa usalama". Soma pakiti, usimsikilize.

Kote kaunta hakuna aliyeuliza maji yanatoka wapi. Aliyeuliza ni kijana wa kubeba mifuko pale Ndeeba: udongo wa nje umefika wapi? Ndilo swali lenyewe. Ile DPC, karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, inatakiwa iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Kwenye miteremko ya Kampala udongo unashuka na mvua na kuifukia, au mwenye nyumba anapanga pevasi (vitofali vya kutandaza uani) juu yake bila kujua.

Kwa hiyo anza nje. Chimba udongo uliolalia ukuta mpaka DPC ionekane na kubaki hizo sentimita 15 juu ya ardhi, elekeza maji mbali na nyumba, weka mfereji wa paa. Ndani, bandika kipande cha kaveera (karatasi ya plastiki) cha nusu mita kwa nusu mita, uzibe kwa tepu pande zote nne, uache saa 24. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa jikoni, na plasta haina kosa.

Bandua plasta hadi sentimita 30 hivi juu ya alama ya unyevu. Chumvi isugue kwa brashi ya waya ukuta ukiwa mkavu. Usiioshe, maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani ya tofali. Halafu subiri ukuta ukauke, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha. Ukuta mnene unahitaji wiki nyingi, si siku tatu.

Kwa ukuta wa mita 4, kimo cha mita 1, unene wa milimita 15, mchanganyiko wa simenti moja kwa mchanga nne: nusu mfuko wa simenti, nusu kilo ya unga, na toroli moja ya mchanga safi. Wa Lwera ni mzuri. Ule wenye udongo mwekundu ukatae hata wakikupunguzia bei. Mwagilia plasta siku saba, subiri hadi siku 28, kisha paka rangi ya maji isiyong'aa. Skimu ya jipsamu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) usiilete karibu na sakafu, unyevu kidogo tu inalainika.

Kwa bidhaa, maduka yote matatu nayapa nyota nne. Kwa ushauri, mbili, na moja kati ya hizo ni ya kijana wa mifuko.