Miaka saba na Toyota Noah ya mwaka 1999: uzoefu wangu wa joto la injini na matengenezo mengine

Nilinunua gari hili mwezi Machi 2017 mjini Tanga, likiwa limetembea kilomita 148,000, na leo saa yake inasoma kilomita 231,000. Ni ile Noah ya umbo la zamani, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yenye injini ya petroli iitwayo 3S-FE, yenye ukubwa wa cc 1,998, iliyokaa chini ya viti vya mbele. Nyumbani tuko watu saba, na wazazi wangu wanaishi Lushoto, kwa hiyo tangu siku ya kwanza kazi yake kubwa imekuwa kutubeba sote kupitia Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo, kisha kuupanda mlima ule wa Soni. Naandika kwa ajili ya mtu anayefikiria kununua gari la aina hii likiwa na umri wa miaka ishirini na zaidi, kwa sababu mengi yaliyonigharimu yangeweza kuepukwa kama ningeyaelewa mapema.

Nitaanza na joto, kwa kuwa ndilo jambo lililokaribia kuniulia injini. Desemba 2018 tulikuwa tumepita Soni, gari limejaa watu na magunia mawili ya mchele, nilipohisi joto chini ya paja langu kabla hata sijatazama geji ya joto. Mshale ulikuwa umekaribia alama nyekundu. Nilisimama, nikazima injini, na tukasubiri karibu saa nzima kabla ya kugusa kitu chochote. Fundi aliyepandishwa kutoka Mombo aligundua kwamba mpira wa kifuniko cha rejeta, kile kifaa cha mbele kinachopoza maji ya injini, umekauka na kupasuka, akaazima kifuniko kingine, kisha akachomoa themostati, vali ndogo inayodhibiti joto la maji ya injini, na kuitupa. Alinieleza kwamba kifaa kile kimewekwa kwa ajili ya nchi za baridi na kwamba huku kwetu hakina kazi. Ni maelezo ambayo wenye magari wengi wameyasikia gereji, na mimi niliyakubali kwa sababu siku ile gari lilifika Lushoto.

Miezi iliyofuata gari lilianza kunywa mafuta. Kutoka kilomita kumi kwa lita nilizozizoea katika barabara kuu, nilishuka hadi kilomita nane, na asubuhi za Julai kule Lushoto injini ilichukua muda mrefu mno kupata moto. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba kwenye safari ndefu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mshale ulikuwa unapanda tena. Mwezi Oktoba 2019 nilifungua kifuniko cha oili nikakuta uteute wa rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake, ilikuwa imeungua na maji yalikuwa yanaingia kwenye oili. Silinda hedi ilifunguliwa, ikapelekwa kwenye mashine kusawazishwa, ikarudishwa na gasketi mpya. Kwa kazi hiyo, pamoja na vipuri na oili, nililipa shilingi 680,000.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, fundi wa Korogwe, ambaye kabla ya kushika spana alikaa nami kwenye benchi na kuniuliza, “Mwanangu, nani alikutolea themostati?” Nilipomjibu, alinieleza taratibu. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi joto 82 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Isipokuwepo, injini hukaa baridi, kompyuta ya gari huendelea kuimwagia petroli nyingi, na ndipo mafuta yanapokwisha haraka. Isitoshe, katika injini nyingi kifaa hicho hicho kinapofunguka huziba njia fupi ya maji, ile inayoyarudisha kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukikitoa, njia fupi inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi ndani bila kupozwa. Hivyo gari likawa baridi mno asubuhi na moto mno mlimani kwa sababu moja.

Kuhusu kifuniko cha rejeta alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na huko maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo ndani ya mfumo, na shinikizo hilo ndilo linaloyafanya maji ya injini yasichemke hata yakipita nyuzi 110. Kwa hiyo kifuniko cha shilingi elfu kumi na tano kikilegea, mlimani ndiko kutakakojulikana.

Lipo pia suala la hewa. Kwa kuwa injini iko chini ya viti na rejeta iko mbele, mabomba ya maji ni marefu, na gari lenye hita ya nyuma lina mabomba mengine yanayopita chini ya sakafu. Fundi akijaza maji kwa haraka, hewa hunasa humo, na geji inaweza kuonyesha salama wakati silinda hedi inaungua. Tangu siku ile mimi hufanya hivi: naliegesha gari pua ikiwa juu mlimani, nafungua hita zote hadi mwisho wa moto, najaza kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, polepole injini ikiwa baridi, kisha naiwasha kifuniko kikiwa wazi na kuminyaminya hosi ya juu mpaka mapovu yaishe na hosi ya chini ipate moto. Huchukua karibu nusu saa, na fundi asiyekubali kutumia muda huo simwachii kazi hiyo. Maji ya bomba nimeacha kabisa, kwa kuwa ndiyo yaliyoujaza kutu mfumo wangu wa kwanza. Tangu mwaka 2020, nilipofunga rejeta mpya, themostati mpya na kifuniko kipya, gari halijachemsha hata mara moja, na limepanda Soni zaidi ya mara thelathini.

Taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu za injini kwa wakati wake, niliibadilisha mara tu nilipolinunua gari, kwa kuwa mwenye gari wa kwanza hakuwa na kumbukumbu yoyote, na kipimo kinachojulikana ni kilomita 100,000. Wota pampu, yaani pampu ya maji, ya injini hii huzungushwa na belti hiyohiyo, kwa hiyo ni busara kuvibadilisha pamoja, maana fundi atalipwa kufungua palepale. Belti ya 3S-FE ikikatika, valvu hazigongani na pistoni. Gari litazimika njiani, lakini injini itapona.

Mwaka 2021 injini ilianza kukosa, yaani kukatakata ikiwa inanguruma, hasa wakati wa mvua. Oili ilikuwa imevuja kupitia sili za tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, na kujaa kwenye matundu ya plagi. Tulibadilisha sili, plagi na waya zake kwa shilingi 140,000, na tatizo likaisha. Chini ya gari nimebadilisha bushi za mbele mara mbili na bolijointi mara moja, jambo ambalo kwa barabara za vijijini silihesabu kuwa kasoro. Kulikuwa pia na mtetemo uliokuja kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa, ambao mafundi wawili waliusingizia matairi. Zilikuwa kros, yaani viungo, za propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Hidroliki, yaani oili ya giaboksi, naibadilisha kila kilomita 40,000, na giaboksi haijafunguliwa kamwe.

Mlango wa pembeni unahitaji kutajwa, kwa kuwa watoto ndio wanaoutumia. Rola zake zilikuwa zimelika hadi mlango ukawa unaning'inia na kugoma kufunga. Usikubali kuuzoea mlango unaofungwa kwa kubamizwa, maana siku moja utafunguka gari likiwa kwenye mwendo. Nilipata rola zilizotumika lakini nzima, na tangu hapo mwanangu wa miaka sita anaufunga mwenyewe.

Ukienda kukagua gari kama hili, ombi langu ni ulikute injini ikiwa baridi. Mwenye kuliuza akiliwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine. Inua kiti cha mbele, angalia rangi ya maji, chungulia chini ya kifuniko cha oili, uliza kama themostati ipo na uione kwa macho yako ikiwezekana. Kisha liendeshe kwenye kilima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwa muda usiopungua dakika ishirini.

Mimi langu siliuzi. Mwezi ujao nitabadilisha mabomba ya hita ya nyuma, ambayo yameanza kuonyesha kutu karibu na gurudumu la kushoto, kabla hatujapanda tena Lushoto kwa sikukuu.