Jina moja la kundi, au kila mwandishi na lake?

Kwa wanaoandika miswada ya tamthilia za runinga Mbeya na Iringa, jina la pamoja linavutia: mtayarishaji akiukatakata mswada, hakuna anayechafuka. BBC, shirika la utangazaji la Uingereza, walikuwa na jina la bandia la pamoja, "David Agnew". Mwaka 1979 lilimficha mwandishi Douglas Adams na wenzake katika kisa cha Doctor Who, tamthilia ya runinga ya BBC. Lakini Adams alikuwa mhariri wa miswada mwenye ajira. Mwandishi wa Soweto ya Mbeya au Kihesa ya Iringa anaishi kwa kujulikana.

Tena Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, hulinda kazi ya jina halisi maisha yote ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo. Ya jina la bandia lisilofichuliwa, miaka 50 tangu itolewe. Jamani, andikeni majina yenu! La pamoja liwe la mswada ulioharibiwa tu, na mkataba utaje nani analipwa nini.