Mazoezi ya kufundisha nje ya nchi: darasani moto, waratibu ziro

Haya nimerudi, na kwa vile kila mtu ananiuliza aombe au asiombe nafasi ya kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha nje ngoja niseme mara moja, mi naipa nyota tatu kati ya tano na zote tatu ni za mwalimu mlezi wangu, yule wa shule ya kule aliyekua ananisimamia, waratibu hawana yao hapo.

Maandalizi yalikua kikao kimoja cha mtandaoni, slaidi kibao za viza na bima afu mwishoni slaidi moja ya utamaduni, picha ya bendera na watu wanacheza ngoma, basi. Hakuna aliyetuambia kule watoto wanamuita mwalimu kwa jina lake tu. Siku ya kwanza naingia darasani nimesimama nasubiri wanyanyuke wanisalimie, wananiangalia, nawaangalia, mpaka mmoja akaniuliza kwa upole kama nimekosea chumba 😂

Kilichonikaa ni hiki. Nauliza swali, kimya. Najijibu mwenyewe, nauliza lingine, kimya tena, nikajisemea hawa ndo walivyo, utamaduni wao hawapendi kuongea. Mwalimu mlezi alikua kakaa nyuma na saa na kikaratasi, kipindi kimeisha ananionyesha namba alizoandika, kila swali nimesubiri sekunde moja, lingine hata haifiki. Akaniambia hilo Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alishaliona tangu miaka ya 70, walimu wengi wanasubiri kama sekunde moja na ukifikisha tatu watoto wanajibu kwa urefu zaidi. Kesho yake nikahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, aisee sekunde tatu mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu we acha tu, ile tatu inaisha mkono ukanyooka pale dirishani. Kumbe utamaduni niliokua nausingizia ni pupa yangu mwenyewe, na andalio la somo nilivyolijaza halikuacha hata nafasi ya mtoto kufikiri.

Kasoro sasa. Walitupanga hosteli moja wote tuliotoka pamoja kwa hiyo jioni ni lugha yetu na umbea wetu, wenyeji tunawaona shuleni tu. Wiki ya tano nikataka kurudi, nikaandika barua pepe kwa mratibu, jibu limekuja siku ya tisa nishazoea.

Ukiomba angalia muda kwanza. Kwenye Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kupeleka wanafunzi nchi nyingine, mafunzo kwa vitendo, ya walimu tarajali yakiwemo, yanaanzia miezi 2, na zile safari fupi za siku 5 hadi 30 zinaunganishwa na masomo ya mtandaoni. Mimi nilikaa miezi mitatu na wa kwanza wote uliishia kwenye kushangaa, kwa hiyo wiki mbili sijui utaambulia nini.

Tuliporudi nilidhani watatuita tukae tuongee tulichojifunza. Wakatuma fomu. Maswali kumi na moja, la mwisho linauliza kama chumba kilikua kisafi. Nikajaza ndiyo.