TAHADHARI: Muuzaji wa seti za kusambaza joto la jiko la kuni, msimlipe

Wadau, kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na seti ya kusambaza joto la jiko la kuni nyumba nzima: feni, mabomba ya hewa, vihisi joto vya vyumbani, na kiboksi kinachodaiwa kuendesha kila kitu chenyewe. Pesa yangu ameila, lakini hilo ni dogo. Seti ile inaweza kuua watu wakiwa usingizini.

Kiboksi kwanza. Kioo chake kinaonyesha nyuzi joto zikipanda taratibu, ukitazama unaridhika. Nikatumbukiza kihisi kwenye glasi ya maji yenye barafu, namba zikaendelea kupanda vilevile. Nikafungua skrubu. Waya wa kihisi umeingia ndani ukaishia kwenye tone la gundi, haujaungwa popote. Kinachowasha na kuzima feni ni swichi ya saa tu, kwa hiyo jiko liwake au liwe limezimika zamani, feni inazunguka na kuwapulizia baridi waliolala.

Sasa hatari yenyewe. Maelekezo yake yanasema mdomo wa kunyonya hewa uwekwe karibu na jiko, milango ifungwe ili "joto lisipotee". Feni ikivuta hewa kwenye chumba kilichofungwa, mgandamizo humo unashuka, na moshi badala ya kupanda dohani unarudi ndani. Mle mna kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwangu moshi ulimwagika kila feni ilipowaka. Nikizima, unapanda kama kawaida. Nilipomlalamikia alisema kuni zangu ni mbichi. Zilikuwa kavu kabisa.

Hata ahadi ya feni moja ndogo kupasha vyumba vinne ni uongo wa wazi. Mita moja ya ujazo ya hewa hubeba takriban kilojuli 1.2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Feni ya mita za ujazo 150 kwa saa, hewa yake ikiwa na joto la nyuzi 15 zaidi ya chumba inakokwenda, inapeleka wati 750 hivi, tena kabla hujatoa kinachopotelea kwenye bomba. Hicho ni chumba kimoja, kidogo.

Anauza pia seti ya maji, inayosambaza joto la jiko kwa maji badala ya hewa, na hii ndiyo inayonitisha zaidi: mzunguko umefungwa kabisa, vali ya usalama ya kutolea mgandamizo hakuna. Umeme ukikatika pampu inasimama, kuni zinaendelea kuwaka. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara elfu moja, na mvuke huo hauna pa kutokea.

Mtamtambua hivi: anataka malipo yote kabla, na haulizi ramani ya nyumba. Fundi wa kweli lazima aulize hewa baridi itarudije kwenye jiko, maana bila njia ya kurudi hakuna mzunguko. Mara nyingi hata feni ya kawaida iliyowekwa chini sakafuni, ikisukuma hewa baridi kutoka chumbani kuelekea kwenye jiko, inafanya kazi nzuri kuliko mabomba yake yote.

Mliokwisha kufunga, chomoeni feni leo, zibeni mdomo ulio karibu na jiko, na wekeni king'ora cha kaboni monoksidi. Wenye ile ya maji, msiwashe moto kabisa mpaka fundi mwenye ujuzi aikague. Risiti na ujumbe mliotumiana naye msifute, kwani ameshabadilisha jina la akaunti na anaendelea kuuza.